Mchungaji Alihesabu Ili Ajue Nani Hayupo

Neno: Luka 15:3-7, Matendo 8:26-40

Leo nina jambo la kuungama kwenu kabla sijawahubiria.

Mnakumbuka Machi 2020, korona ilipoingia Kenya na milango ya makanisa ikafungwa. Niliweka simu yangu juu ya ndoo niliyoipindua, chumbani kwangu hapa Gatina, Kawangware, nikaanza kuhubiri laivu kwa Facebook kila jioni. Siku ya kwanza watazamaji walikuwa 6. Picha ilikwama, bando ikaisha katikati ya maombi. Lakini wale 6 niliwajua kwa majina, na asubuhi niliwapigia simu mmoja mmoja.

Mmoja wao alikuwa mama wa Laini Saba, Kibera, anayefulia watu nguo. Kila jioni aliandika neno moja tu: "Amina." Amenipa ruhusa niwaambie habari hii.

Kisha namba ikaanza kupanda. Jioni moja nilihubiri juu ya mafanikio, tukafika 400. Ndugu zangu, nilisikia utamu! Tangu siku hiyo macho yangu yalikuwa kwenye ile namba pale juu ya kioo cha simu. Nikitaja toba, inashuka. Nikitaja gari na ploti, inapanda. Nikaanza kupanga mahubiri kwa kuifuata namba badala ya kumwuliza Roho Mtakatifu. Wale 6 sikuwapigia tena. Nilijiambia huduma imekua, niko bize.

Siku moja dada mmoja akanipigia: "Pasta, yule mama wa Laini Saba, mara ya mwisho umemsikia lini?" Nikarudi nyuma kwenye simu, nikitafuta. "Amina" yake ilikuwa imekoma siku 19 zilizopita. Sikuwa nimeona.

Kesho yake nikashuka Adams Arcade, nikapita soko la Toi, nikatembea hadi Laini Saba. Nilimkuta ameketi mlangoni. Kule alikokuwa akifua walimwambia asirudi, wanaogopa ugonjwa. Simu alikuwa ameiuza ili watoto wapate unga. Hakunilaumu. Alisema tu, "Pasta, nilisikia sasa una watu wengi. Sikutaka kukusumbua."

Wapendwa, neno hilo lilinichoma kuliko tusi.

Je, kuhesabu watu ni dhambi? Hapana. Yule mchungaji wa Luka 15 alihesabu. Asingehesabu, angejuaje amebaki na 99? Mfalme Daudi naye alihesabu, soma 2 Samweli 24, na tauni ikaua watu 70,000. Daudi alitaka kujua ana watu wangapi wa kushika upanga. Mchungaji alitaka kujua ni nani hayupo. Mwambie jirani yako: unahesabu kwa nini?

Mtazame Filipo. Kule Samaria mkutano ulikuwa umewaka moto, wagonjwa wanapona, mji mzima una furaha. Halafu malaika anamwambia aende njia ya jangwani, ile ya kutoka Yerusalemu kwenda Gaza. Sisi tungemwambia, "Pasta, unaacha umati unaenda wapi?" Lakini alienda, na pale njiani alikuwapo mtu mmoja, Mwethiopia, anasoma Isaya na haelewi. Filipo alikimbia akafikia gari lake. Mtu mmoja tu! Akabatizwa, akaenda zake kwa furaha, akiirudia Afrika yetu.

Hata hapa kwetu tumeliona jambo hili. Redio ya Pamoja FM ilianza Kibera mwaka 2007. Ni redio ndogo ya mtaa, mawimbi yake hayaendi mbali. Lakini mwanzoni mwa 2008, nchi ilipowaka baada ya uchaguzi, redio hiyo ilihimiza amani kwa majirani ambao watangazaji wake waliishi nao. Udogo wake haukuizuia, kwa sababu ilijua inasema na nani.

Sasa vijana wangu mnaohubiri kwa simu, msikie vizuri: msizime. Injili iende mbali, na watu 10,000 wakisikia, tutamshukuru Mungu. Lakini "Amina" iliyoandikwa kwenye simu haikuambii kama aliyeiandika amekula. Na ukiona watu wawili tu, usivunjike moyo ukadhani Mungu amekuacha. Labda uko kwenye njia ya Gaza.

Yule mama hakuachwa. Ushirika wa nyumbani ulichanga unga na kodi ya mwezi, na leo ndiye anayeshika daftari la majina pale mlangoni mwa kanisa. Nikimwuliza, "Mama, leo tuko wangapi?" ananijibu, "Pasta, leo hatujamwona fulani."

Kazi yetu wiki hii, Kawangware na Kibera: kila ushirika uandike majina ya wasioonekana. Kabla ya Jumapili, kila mmoja amtembelee mmoja. Usitume ujumbe tu. Nenda ubishe hodi.

Tuombe: Bwana Yesu, unisamehe niliyependa umati nikasahau kondoo. Nipe macho ya kuona nani hayupo, na miguu ya kumfuata. Katika jina lako, Amina.