Mwanamke na Hesabu za Mirathi

Katika pwani ya Tanga, hesabu ilikuwa elimu ya dini kabla ya kuwa somo la shule ya serikali. Sheikh Ali bin Hemedi al-Buhriy, aliyekuwa kadhi wa Tanga, aliandika kitabu cha mirathi, fani isiyoendeka bila sehemu. Marehemu akiacha mume, mama na binti wawili, mafungu yao ni robo, sudusi na thuluthi mbili. Jumla ni 13 juu ya 12. Mafungu yamezidi mali, basi mali hugawanywa kwa 13: mume 3, mama 2, binti 4 kila mmoja. Warithi watatu kati ya hao wanne ni wanawake. Ni ajabu kudai kwamba hesabu hiyo haiwahusu.

Imamu Ghazali aliihesabu hisabati, pamoja na tiba, kuwa faradhi ya kutoshelezana: mji ukikosa kabisa wajuzi wake, lawama ni ya wote. Wajuzi hao wanahitajika hata leo: huko Muheza, kwenye kituo cha utafiti cha Amani, malaria inachunguzwa, nayo huwadhuru mno wajawazito, basi elimu hizo zinawahusu wanawake pia. Mila ya kumweka binti nyumbani ina wenyewe, lakini anayemzuia binti mwenye kipaji asisome kwa jina la dini ndiye anayedaiwa dalili.