Mbwa Mshenzi na Deni la Mwanadamu

Lipo swali ambalo aghalabu huulizwa kwa kejeli, nalo lastahili kujibiwa kwa makini: je, ni haki mwanadamu kutumia mali yake kutafiti maradhi ya mbwa, ilhali watoto wa wanadamu wangali wanakufa kwa malaria na kuhara? Hapa Bujumbura swali hili halihitaji maelezo marefu. Mzazi wa Buyenzi au wa Kamenge aliyekesha akihesabu bei ya dawa ya mwanawe, akiambiwa kwamba huko Marekani ipo taasisi iitwayo AKC Canine Health Foundation, iliyoundwa mwaka 1995 mahsusi kugharimia uchunguzi wa afya ya mbwa, hucheka kwanza, kisha huuma midomo. Kicheko chake kina haki yake. Hata hivyo kicheko peke yake hakiamui kesi. Nakusudia katika insha hii kulipima swali hilo kwa kumtazama mbwa wa aina moja tu, ambaye kwa asili ni jirani yetu: mbwa aitwaye Basenji.

Sisi walimu wa lugha hatuna budi kuanza na jina. Basenji ni neno lililotoka Kongo. Kiambishi chake cha wingi, ba-, ni ndugu wa wa- yetu, na mzizi uliobaki ndio ule ule tunaoukuta katika maneno mshenzi na washenzi. Watu wa misafara waliotoka pwani wakapita Tabora na Ujiji waliwaita hivyo watu wa bara, yaani watu wasiofuata dini yao wala desturi zao. Mababu zetu wa mwambao huu wa ziwa Tanganyika hawakusalimika na jina hilo. Baadaye Wazungu walimkuta mbwa wa misitu ya Kongo, wakamchukua pamoja na jina lake, wakaliandika kwa herufi kubwa katika maonyesho yao. Hivyo tusi la msafara likawa jina la fahari huko London, na wengi walitamkao hawajui lilikotoka.

Mbwa mwenyewe ni mdogo, masikio yamesimama, mkia umejikunja juu ya mgongo. Habweki kama mbwa wengine, bali hutoa sauti inayofanana na wimbo. Kwa sababu hiyo wawindaji wa msituni humvika njuga shingoni ili wajue aliko. Kwa muda wa karne nyingi hapana aliyemchagua kwa sura. Aliyechaguliwa ni yule aliyeiweza kazi, akastahimili njaa na akaponyoka makucha ya chui. Mbwa dhaifu hakuacha watoto.

Mwaka 1895 mbwa wawili wa aina hiyo walipelekwa Uingereza, wakaonyeshwa kwa watu, na baada ya muda mfupi wakafa kwa maradhi ya distempa. Ilipofika mwaka 1937 wengine waliweza kuishi na kuzaa huko, na baadaye wengine wakafika Marekani. Lakini walikuwa wachache mno. Kutokana na wachache hao likazaliwa kabila zima la mbwa wa nasaba, ambalo daftari lake lilifungwa: asiyekuwa na wazazi walioandikwa humo hakuruhusiwa kuingia.

Hapa ndipo penye shina la maradhi. Kila kiumbe hupokea chembe za urithi mbili mbili, moja ya baba na moja ya mama. Kwa maradhi mengi ya kurithi, chembe mbovu ikiwa moja tu, ile nzima hufanya kazi ya zote mbili, na mnyama huishi bila dalili yoyote. Ubaya hujitokeza pale mbebaji anapokutana na mbebaji mwenziwe; kwa wastani mtoto mmoja katika kila wanne hupokea chembe mbovu mbili. Katika kundi kubwa makutano hayo ni adimu. Katika kundi dogo, ambamo binamu huozwa binamu kizazi baada ya kizazi, huwa jambo la kawaida.

Maradhi ya kwanza yaliyowapata Basenji wa nasaba yalikuwa ya damu: chembe nyekundu hupasuka kabla ya wakati wake, na mbwa hufa angali kijana. Katika miaka ya 1970 ikapatikana njia ya kuwapima wabebaji, na wafugaji wakawaondoa katika uzazi, hata wale waliokuwa wazima wa afya. Nia ilikuwa njema. Lakini kundi lililokuwa dogo likazidi kuwa dogo, na pamoja na chembe mbovu zilizotupwa zikatupwa na njema nyingi. Wakati huohuo ugonjwa mwingine ulikuwa ukijikita, nao huitwa Fanconi, kwa jina la daktari wa Uswisi. Figo hushindwa kuirudisha mwilini sukari na virutubisho vingine, vyote vikapotea katika mkojo. Mbwa hunywa maji bila kukata kiu, hukonda, na asipotibiwa hufa. Baya zaidi ni kwamba dalili kwa kawaida hazionekani kabla ya miaka minne au zaidi, wakati ambao mbwa amekwisha kuzaa. Mfugaji mwaminifu kabisa aliweza kuusambaza ugonjwa huu bila kujua.

Wakiwa katika dhiki hiyo, wapenzi wa mbwa hao walikumbuka shina. Mnamo mwaka 1987 na 1988 Wamarekani kadhaa walisafiri hadi kaskazini mwa nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire, katika eneo la Wazande, wakarudi na mbwa wa vijijini. Mwaka 1990 daftari la nasaba la Marekani likafunguliwa kuwapokea mbwa wapya 14. Ndipo mbwa asiye na hati yoyote, aliyezaliwa kando ya jiko la kuni, akaitwa kuja kuiokoa nasaba iliyojifungia mlango. Kazi ya maabara nayo iliendelea. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Missouri kilitoa kipimo cha kwanza cha kukisia nani mbebaji wa Fanconi, na mwaka 2011 kikatoa kipimo kinachoigusa chembe yenyewe. Kwa kipimo hicho mbebaji hana haja ya kutupwa: huozwa mwenzi aliye safi, na hapana mtoto wao atakayeugua. Kosa la miaka ya 1970 likawa limepata funzo lake.

Sasa turudi kwenye swali. Wale wanaozilaumu fedha hizi huzihesabu kuwa ni sadaka, na kama ni sadaka lawama yao ina nguvu. Mtoa sadaka huweza kuulizwa kwa nini amempita mwenye njaa akamwendea aliyeshiba. Lakini mimi naona kwamba fedha hizi, katika jambo la maradhi ya kurithi ya mbwa wa nasaba, ni malipo ya deni. Basenji hakujifungia mwenyewe ndani ya daftari. Aliyemtoa msituni ni mwanadamu, aliyemchagulia mwenzi ni mwanadamu, na aliyepata fahari na fedha katika maonyesho ni huyo huyo. Deni halina mashauri ya sadaka. Mtu aliyevunja chungu cha jirani hawezi kumwambia: “Sitakulipa, kwa maana fedha hizi nitampelekea yatima.” Yatima ana haki yake, na jirani ana yake, na haki ya mmoja hailipwi kwa kumdhulumu mwingine.

Hoja hii ina upande wa pili ambao hauwapendezi wafugaji. Ikiwa ni deni, basi lazima lilipwe kweli, wala lisigeuzwe kuwa kibali cha kukopa tena. Mwaka 2008 shirika la BBC lilionyesha filamu kuhusu mateso ya mbwa wa nasaba, na Waingereza wengi walishtuka. Wapo mbwa waliofupishwa pua kwa kuchaguliwa kizazi hadi kizazi mpaka hawawezi kuvuta pumzi vizuri, na wengine vichwa vyao vimekuwa vikubwa hata hawazaliwi ila kwa mama kupasuliwa. Kwa mbwa hao hapahitajiki darubini. Ugonjwa wao ndio sura ile ile anayoilipia mnunuzi. Kukusanya fedha za uchunguzi huku ukiendelea kuuza umbo linaloumiza ni kama kuchota maji kwa pakacha. Utafiti una haki pale tu matokeo yake yanapokubaliwa kubadili desturi.

Wako wanaoutetea utafiti huu kwa njia nyingine, wakisema kwamba humfaa mwanadamu. Ni kweli. Mwaka 2001 wanasayansi wa Marekani walitangaza kuwa wamewarudishia uwezo wa kuona mbwa wa aina ya Briard waliokuwa vipofu kwa kasoro ya kurithi, kwa kuwatia jichoni chembe ya urithi iliyo nzima. Kasoro hiyo hiyo huwapata watoto wa binadamu, na mwezi wa Desemba 2017 dawa yao iliidhinishwa Marekani. Jambo hili lafurahisha moyo. Hata hivyo siwezi kulifanya nguzo ya hoja. Dawa hiyo ilipotoka ilitangazwa kwa bei ya dola 850,000 kwa macho mawili, na mtoto wa Ngozi au wa Rumonge hataifikia kwa bei hiyo. Tena, tukisema kwamba mbwa ahurumiwe kwa kuwa anatufaa, tumekwisha kukiri kwamba asiyetufaa aachwe ateseke. Huo si msingi tunaotaka kuwafundishia watoto.

Na sisi je? Yafaa tusikae kama mahakimu wa deni la wengine. Fedha za wapenda wanyama zimewahi kufika katika ujirani wetu: mwaka 1986, kufuatia ombi la Dian Fossey, taasisi ya Marekani iitwayo Morris Animal Foundation ilianza kugharimia tiba ya gorila wa milima ya Virunga. Lakini mbwa wa kijijini, yule anayeitwa imbwa kwa Kirundi, hana wa kumtajia jina. Uzazi wake umechanganyika, basi hasumbuliwi sana na maradhi ya daftari. Ugonjwa wake mkubwa ni mwingine: kichaa cha mbwa, ambacho akikipata humpa na mtoto aliyekwenda kuteka maji.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huo kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na wengi wao ni wa Afrika na Asia. Katika kila wahanga kumi, wanne ni watoto wasiofika miaka 15. Dalili zikishaonekana, karibu hapana anayepona. Na hapa hapana siri ya kutafutwa: Pasteur alimchanja kijana wa kwanza mwaka 1885, na yajulikana kwamba mbwa 70 katika kila mia wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia. Ndugu zetu wa Pemba wamelithibitisha. Baada ya kampeni za kuwachanja mbwa, ugonjwa ulitoweka kisiwani mwaka 2014; ulipoletwa tena kutoka nje mwaka 2016 walirudia kuchanja, na kufikia mwisho wa mwaka 2018 wakawa wameuzima. Hapo wanaosema “mbwa au mtoto?” hukosa la kuchagua, maana sindano ya mmoja ndiyo kinga ya mwingine.

Basi nasi tuna deni. La wenzetu lilitokana na kumpenda mbwa kupita kiasi, letu latokana na kumpuuza. Tumemfanya mlinzi wa mazizi na nyumba zetu, tukamlipa kwa mawe na makombo, na chanjo inayojulikana tangu enzi za mababu tukaiacha. Wengine hujikinga nyuma ya dini, wakisema mbwa ni najisi. Wazee wa Buyenzi waliosoma wanajua kwamba hukumu ya unajisi ni hukumu ya twahara, yaani namna ya kuosha chombo alichokiramba. Haijawa ruhusa ya kutesa. Wanajua pia hadithi mashuhuri ya mtu aliyeteka maji kwa kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake.

Kwa hiyo jibu langu kwa mzazi wa Buyenzi ni hili. Asiwaonee wivu mbwa wa Marekani kwa daktari wao. Aliyewaharibu ndiye anayewatengeneza, na hiyo ni haki. Amwulize zaidi diwani wake, na ajiulize mwenyewe, ni lini mbwa wa mtaa wake walichanjwa. Nasi walimu, tunapolifundisha neno mshenzi darasani, tusiishie kwenye ngeli na wingi wake. Tuwaeleze wanafunzi kwamba neno hilo lilitumiwa na msafiri kwa watu ambao hakutaka kuwajua, kisha likamwangukia mbwa wao. Mbwa huyo mshenzi ndiye aliyebeba damu iliyohitajiwa na mabingwa wa London na Marekani siku walipokwama. Mwanafunzi akilijua hilo, huenda siku moja atakapookota jiwe kumtupia mbwa apitaye njia, mkono wake utasita kidogo.