Ndevu za Pamba

Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969, ni ya majonzi: watu wanaamini maji yatawakinga na risasi za Wajerumani. Shuleni tuliiigiza bwaloni, bunduki zetu zikiwa mipini ya majembe. Aliyecheza mzee alibandikwa ndevu za pamba kwa uji mzito. Jasho lilipomtoka, ndevu zikateleza hadi kifuani. Akazishika kwa mkono mmoja, akaendelea kukemea kwa ukali uleule. Nilimheshimu sana! Mpiganaji aliyekwisha kuuawa ndiye aliyeshindwa kuvumilia, maiti ikatikisika tumbo kwa kicheko. Wanafunzi wa leo nao wapewe jukwaa, hata la meza zilizounganishwa. Wenzangu wa wakati ule tukikutana, bado tunaitana kwa majina ya wahusika.