Usitundike Daruga kwa Sababu ya Mtoto

Kaa hapo, mwanangu. Simu iweke mezani, chai bado ya moto.

Nimesikia umetundika daruga. Walioniletea habari walikuwa wanakusifu. Wanasema tangu mkeo ajifungue huonekani kiwanjani jioni, na kijiweni kwenye drafti umepotea. Ukitoka jarubani unapanda pikipiki kutafuta abiria wa Igawa mpaka usiku. "Yule kijana sasa amekuwa baba," wakasema. Mimi nikatikisa kichwa tu, maana mdomo ulikuwa umejaa mahindi ya kuchoma. Ila sikufurahi, na ndiyo sababu nimekuita.

Sikukuzaa mimi, lakini na baba yako tulilima tukipakana, maji ya mfereji mmoja. Nikikwambia mwanangu sikupambi.

Najua ulivyokuja umejiandaa kusikia nini. Utulie, uache utoto, ujenge. Hayo utaambiwa na wengine, na wako wengi. Mimi nakwambia rudi kiwanjani. Ila safari hii usiende peke yako.

Ngoja nikueleze nilikolitoa hili.

Baba yangu alikuwa kibarua kwenye shamba la Mbarali, miaka ya 1970, Wachina walipokuwa wanalijenga. Hakuwa mtu wa maneno. Alitoka kabla ya jua na kurudi na matope ya magotini. Sikumbuki kama aliwahi kunikalisha akanipa nasaha hivi ninavyokukalisha wewe. Ninachokumbuka ni redio yake. Betri zikichoka alizianika juu ya bati, na kazi yangu ilikuwa kuzigeuza ili jua lizipate pande zote. Jioni tunazirudisha ndani, tunasikiliza kama zimepata nguvu. Erio ilikuwa imevunjika, ikafungwa waya, na waya ule ulitaka mtu wa kuushika. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nikiuachia tu, Dar es Salaam inapotea.

Agosti 1974 Simba na Yanga walikutana Mwanza, uwanja wa Nyamagana. Nilishika waya mpaka mkono ukafa ganzi. Yanga wakashinda 2-1. Baba alikuwa Simba wa kufa. Akazima redio, akasema, "Betri zimekwisha." Hazikuwa zimekwisha, mwanangu. Nilizigeuza mwenyewe siku nzima. Lakini nilinyamaza, naye akajua kwamba nimejua, na tangu siku ile tukawa na siri yetu.

Hayo ndiyo malezi niliyopata kwa mzee wangu. Hakuiacha starehe yake kwa ajili yangu. Alinipa waya nishike.

Sasa sikia nilivyofanya mimi.

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa katikati ya miaka ya 1980. Ilikuwa miaka ya shida. Sabuni foleni, sukari foleni, khanga ya mama mtoto ukiipata umetoka kifua mbele. Nikajiambia, baba wa mtu hachezi. Nilikuwa beki wa kushoto, na si kwa kujisifu, mawinga wa Chimala walikuwa wananifahamu. Daruga nikampa kijana wa jirani. Redio nikamwachia mama yake mtoto. Nikashika jembe, na mavuno yakiisha nikashika biashara ya mchele, gunia moja moja, mpaka Makambako.

Pesa ilipatikana. Ada ililipwa, nyumba ikapata bati. Hilo silikatai, na usije ukatoka hapa ukamwambia mkeo mzee kasema kazi si kitu. Lakini nilikunja uso mwaka ule wa kwanza, na nikasahau kuukunjua. Nilikuwa na baiskeli ambayo mnyororo wake ulilia. Jioni watoto wako jikoni na mama yao, wanacheka. Mnyororo ukisikika njiani, kicheko kinakatika. Mmoja anakimbilia daftari, mwingine anakumbuka kuku hawajafungiwa. Nami nilidhani hiyo ndiyo heshima. Nilikuwa naona fahari, mwanangu. Wenzangu walihangaika na watoto wabishi, wangu wakiniona wananyamaza.

Miaka ikapita. Yule wa kwanza akaenda Tunduma kutafuta maisha. Ananipigia, ananitumia ya dawa, ni mtoto mwema. Maongezi yetu yalikuwa hivi: mvua imenyesha? Imenyesha. Mama hajambo? Hajambo. Haya baba. Haya.

Ikaja tarehe 29 Novemba 2022. Wewe unaikumbuka, maana najua ulikuwa Ubaruku, uwanja wa Highland Estates. Ihefu, wakati ule timu yetu ya hapa Mbarali, inacheza na Yanga ambao walikuwa wamekwenda michezo 49 ya ligi bila kufungwa. Wakatangulia wao kupata bao. Tukasawazisha. Tukaongeza la pili, na likabaki hivyo hivyo, 2-1, mpaka filimbi ya mwisho. Wewe mwenyewe uliona watu wazima walivyokuwa wanakumbatiana na watu wasiowajua.

Mimi nikachukua simu nikampigia mwanangu wa Tunduma. Sijui nini kilinipata, sikuwa na kawaida hiyo. Nikapiga kelele, "Umeona? Umeona tulivyowafanya?" Kimya. Nikadhani mtandao. Halafu akasema taratibu, "Baba, mimi ni Yanga."

Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu darasa la tatu.

Mwanangu, nchi hii ukikutana na mtu kwenye basi, kabla hamjafika Igawa umeshajua yeye ni Simba au Yanga. Kondakta utamjua, muuza karanga utamjua. Mimi nilijua ada ya mwanangu kila muhula, nilijua namba ya kiatu chake, nilijua alipata ngapi hesabu. Hilo sikulijua. Aliogopa kuniambia kwa sababu mimi ni Simba kama baba yangu, na nyumba yangu haikuwa na mahali pa kusemea jambo la namna ile. Angelisemea wapi? Sikuwa na redio ya kumpa waya wake.

Tulicheka siku ile, alipoona sijakasirika. Tukazungumza mpaka salio lake likaisha, akaniuliza kama kweli nilicheza beki. Nani alimwambia? Mama yake. Hakuwahi kuniona na mpira mguuni hata siku moja.

Kwa hiyo nikisikia kijana ameacha kila kitu kwa sababu ya mtoto, na watu wanampigia makofi, mimi nashtuka. Mtoto hakuombi uache mpira. Anakuomba nafasi pembeni ya uwanja. Hujambo yako ya asubuhi na pesa ya daftari atazipokea, lakini wewe mwenyewe atakujua pale unapofanya kitu unachokipenda. Atakuona ukikasirikia refa. Atakuona ukishindwa, kisha ukimpa mkono aliyekushinda. Hilo la mkono usidhani ni dogo, maana wengi wetu hatukumwona baba akishindwa, ndiyo maana tukishindwa sisi tunajificha.

Utaniuliza, je, starehe zote? Hapana. Mimi nina kipimo changu. Tazama kama mtoto anaweza kukaa hapo. Drafti, anakaa, atahesabu vizibo. Kiwanjani, anakaa. Kufuga njiwa, kutengeneza redio mbovu, kuimba kwaya, yote anakaa. Kilabuni hakai. Na huu mkeka wenu wa kubeti, nimeuona mnavyouinamia. Kijana kakaa na mwanawe mapajani, macho yako kwenye timu za Uturuki ambazo hata jina hawezi kulitamka. Mtoto anamshika kidevu, anamgeuza uso, yeye anaurudisha kwenye simu. Hapo mtoto hana nafasi, hata kama yuko mapajani.

Wala usingoje upate muda. Mimi nilisema nikimaliza kuvuna. Wewe unayajua majaruba. Novemba unahangaika na kitalu, Januari unapandikiza, palizi inakushika, Aprili kwelea kwelea wanatua kama wamealikwa, ukimaliza kuamia ndege ni kuvuna, ukimaliza kuvuna ni kupiga, halafu unakimbizana na bei kabla haijashuka. Mpunga haukupi likizo. Mtoto mpeleke huko huko akikua kidogo. Kuamia ndege ni kazi ya mtoto kabisa, kupiga debe na kupiga kelele, nani asiyependa? Ila masomo yasikatwe. Na kwenye mfereji usimwachie hata dakika. Maji yale yanaonekana yamelala, lakini yamechukua watoto, na asiyezama anatoka na kichocho.

Kuna jambo jingine, na hili nalisema kwa sababu mama yako hatalisema. Kliniki nenda. Usimwachie mkeo. Sisi tuliona ni mambo ya wanawake, tukapitwa. Nenda ukae kwenye benchi lile, wakucheke kama wanataka kucheka. Umwone mwanao anavyovalishwa ile kaptula ya kitambaa na kuning'inizwa kwenye mizani, anavyokukodolea macho umwokoe. Chanjo ya surua ni miezi 9, na tena miezi 18. Usiambiwe na kadi, ikumbuke mwenyewe. Walioajiriwa wana sheria yao, ya mwaka 2004, inampa mama siku 84 na baba siku 3 zenye malipo. Tatu! Mtoto hata kitovu hakijadondoka. Wewe mkulima hupewi hata moja, lakini pia hakuna anayekunyima. Hakuna bosi wa kukukata mshahara ukichelewa jarubani asubuhi moja.

Lingine ni la usiku.

Najua uko kwenye zamu ya maji, na zamu yenu siku hizi huangukia usiku wa manane. Nimeifanya miaka mingi. Unafungua geti, unaweka udongo, halafu unakaa kwenye tuta na tochi unasubiri maji yasambae. Hapo ndipo mawazo yanapokuja, na hayaji yale mazuri. Utawaza deni la mbolea. Utawaza mtoto amekohoa jioni, je, ni mafua tu? Utawaza maji yenyewe, maana Ruaha Mkuu wa utoto wangu haukuwa wa kukauka, na tangu miaka ya 1990 kiangazi unakatika kule hifadhini mpaka viboko wanabanana kwenye vidimbwi. Utajiuliza mwanao atakuja kulima nini hapa Usangu. Halafu litakuja lile la aibu zaidi. Utajiuliza kama unampenda mtoto kama watu wanavyosema wanapenda, maana mbona wewe unajiona umechoka tu.

Hilo nalo nililiwaza. Sikumwambia mtu. Nilidhani ni mimi peke yangu niliyezaliwa na kasoro. Miaka mingi baadaye, msibani, tumekaa wazee kwenye moto, mmoja akalitaja, na wote tukainama. Kila mmoja alikuwa amelibeba peke yake kwenye tuta lake.

Uchovu ni uchovu. Upendo wa baba kwa wengine huchelewa, hauji siku ile mtoto anapoletwa amefungwa khanga. Kwangu ulikuja siku aliponitapikia shati la kanisani, nami nikajikuta nacheka. Kwako sijui utakuja siku gani. Usiutafute kwa tochi. Endelea kumbeba, kumwogesha, kwenda naye mpirani na kofia yake, maana jua la Ubaruku halichagui. Na mkeo mwambie unayoyawaza. Asubuhi, mkishakunywa uji. Usimwamshe usiku, naye ana zamu yake ya kunyonyesha.

Ikikuzidia kabla ya asubuhi, nipigie mimi. Wazee hatulali sana. Ila usinipigie saa mbili usiku, hiyo ni taarifa ya habari, na siku za Jumapili nitakuwa naongea na Yanga wangu wa Tunduma. Sasa hivi ananitambia. Anasema Ihefu tulimfunga, kisha tukahamia Singida tukabadilisha na jina, kwa hiyo sasa amdai nani?