Jaji Mhafidhina na Amana ya Sheria

Siku moja tulipanda Werugha kuzika. Mkwe wa mwenzetu mmoja wa darasa alikuwa amefariki, nasi tukaondoka Mombasa alfajiri, tukapita Voi jua limekwisha panda, tukapinda njia ya Mwatate, tukakwea Wundanyi na kuendelea. Wengi wetu watu wa pwani twaijua Taita kwa mboga ziletwazo sokoni kwetu tu. Hatujui kwamba shamba la huko limening'inia mteremkoni, na kwamba udongo wake washikwa na matuta na kuta za mawe ambazo mwenye shamba hana budi kuzitengeneza kila mwaka. Akiziacha misimu michache, mvua huuteremsha udongo wote bondeni.

Jioni, baada ya maziko, maneno yalifika kwa mahakimu. Kijana mmoja asomaye sheria alisema kuwa jaji bora ni jaji mhafidhina: asome kilichoandikwa, akitekeleze, wala asiongeze la moyoni mwake. Baadhi yetu tulimwunga mkono upesi, na sababu tulikuwa nayo. Mwezi wa Oktoba 1963 Waziri Mkuu wa Kenya na mwenzake wa Zanzibar waliandikiana kwamba mahakama za makadhi zitahifadhiwa. Mwezi wa Mei 2010 majaji watatu wa Mahakama Kuu, Nairobi, wakatamka kuwa kuzitia mahakama hizo ndani ya Katiba kwapingana na dola isiyo na dini yake. Tuliumia. Ahadi ya kale ilionekana kuchezewa kwa fikra mpya, hata Katiba iliyopigiwa kura Agosti mwaka ule ule ilipoziacha mahali pake, katika kifungu cha 170. Kwa hiyo neno mhafidhina kwetu sisi si tusi.

Mzee mmoja wa mji ule alikuwa amenyamaza muda wote. Akauliza: "Huyo jaji wenu, wanangu, huwa anahifadhi kitu gani?"

Hatukuwa na jibu la haraka. Tumelitafuta tangu siku ile, na twaona lapatikana katika mambo ya majaji wawili ambao wote walikuwa Waingereza, wote walikaa katika Mahakama Kuu ya Kenya miaka ya 1980, na wote walihukumu kwa sheria zile zile.

Wa kwanza ni Norbury Dugdale. Katiba ya Kenya ya 1969 ilikuwa na kifungu cha 84, kilichompa kila mtu aliyevunjiwa haki zake za asili ruhusa ya kwenda Mahakama Kuu kuzidai. Ndani yake mliandikwa kwamba Jaji Mkuu aweza kuweka kanuni za namna ya kuendesha madai hayo. Kanuni hizo hazikuwekwa. Wakili Gibson Kamau Kuria aliponyang'anywa pasipoti yake akaenda kudai haki, Jaji Mkuu Cecil Miller alimjibu kuwa mahakama haina la kufanya, kwa sababu Jaji Mkuu hajaweka kanuni. Msomaji na aisome tena sentensi hiyo. Aliyekataa kuufungua mlango ndiye aliyekuwa na ufunguo mfukoni. Mwaka 1989, katika shauri la Joseph Maina Mbacha na wenzake, Dugdale akaifuata njia hiyo hiyo: bila kanuni, kifungu cha 84 ni maneno matupu. Hivyo sura nzima ya haki za watu ikawa kama kisima kilichofunikwa, maji yamo lakini hakuna ateka.

Mwezi wa Desemba mwaka huo huo alikuja mbele yake Wangari Maathai, ambaye alitaka kuzuia jengo la ghorofa 60 lisijengwe katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Dugdale alimwondoa mahakamani kwa kuwa hakuwa na dhara lake mwenyewe, mbali na la watu wote, la kumpa haki ya kushtaki. Hapa yatupasa tumfanyie insafu. Kanuni hii hakuitunga yeye. Ni ya zamani huko Uingereza, kwamba haki ya umma hudaiwa na Mwanasheria Mkuu. Twaweza kuona kwamba aliikosea hali ya nchi, ambamo Mwanasheria Mkuu asingeishtaki serikali yake, lakini hatuwezi kusema kuwa alizua jambo. Katika kifungu cha 84, ama, hatumwoni na udhuru. Mwenye kuambiwa ahifadhi Katiba, kisha akatangaza kuwa sehemu yake moja haina uhai kwa sababu ya karatasi aliyoisahau mkubwa wake, huyo amehifadhi karatasi na kuitupa Katiba.

Wa pili ni Derek Schofield. Mwaka 1987 mtu mmoja, Stephen Mbaraka Karanja, alifia mikononi mwa polisi. Mkewe hakuomba makubwa. Aliomba apewe mumewe azike. Schofield aliamuru maiti aletwe. Polisi wakasema amekwisha zikwa Eldoret. Makaburi yakafukuliwa, hakupatikana. Jaji akashikilia amri yake ile ile, na shauri likaondolewa mkononi mwake, akahamishiwa Meru. Akajiuzulu, akaondoka nchini.

Sasa na tuulize, katika wawili hawa ni yupi mhafidhina? Amri ya kumleta mtu mbele ya mahakama, akiwa hai au akiwa maiti, haikuwa fikra mpya ya Schofield. Waingereza wanayo tangu karne nyingi, na sheria yao mashuhuri juu yake ni ya 1679. Yeye hakuongeza neno. Aliusimamisha ukuta wa kale mahali ulipokuwa ukibomoka. Sayyidna Umar alipomuusia Abu Musa al-Ash'ari juu ya kazi ya uhakimu, alimwambia kuwa hukumu aliyoitoa jana isimzuie kuirejea haki, kwa maana haki imeitangulia hukumu. Basi arejeaye kwenye haki ndiye aliyerejea kwenye ya kale.

Atasema msemaji: zilikuwa siku za hofu, na mwaka 1988 Bunge liliwaondolea majaji ulinzi wa vyeo vyao, wasirudishiwe hadi 1990. Ni kweli, wala hatudai kwamba sisi tungalikuwa mashujaa. Wengi wetu siku zile tulikuwa tukinong'ona hata ndani ya nyumba zetu. Lakini hofu ina jina lake, na haifai kupewa jina la kuhifadhi.

Kanuni za kifungu cha 84 zilikuja kuwekwa mwaka 2001. Na walioandika Katiba ya 2010 hawakuisahau hila ile: kifungu cha 22 chasema wazi kwamba kukosekana kanuni za Jaji Mkuu hakumzuii mtu kusikizwa shauri lake, na kifungu cha 70 chamruhusu mtu kuyatetea mazingira bila kuonyesha kuwa yeye mwenyewe amepata hasara.

Tulirudi Werugha kwa arubaini, tukamkuta mzee yule akipanga mawe shambani kwake. Tukamhadithia habari za majaji wawili. Ya kanuni na vifungu aliyasikiliza kwa adabu tu. Ya Karanja yalimsimamisha. Wataita wa zamani waliyaweka mafuvu ya wazee wao pamoja katika mapango ya mawe, ukoo kwa ukoo, asipotee mtu, na ingawa ada hiyo imekwisha achwa, mzee alielewa upesi kuliko sisi alichokuwa akikitafuta mjane yule.

"Na maiti," akauliza, "alipatikana?"

Tukamwambia la.