Namba za simu za watu ni amana, tusizigawe

KILA sifa njema inamstahiki Allah (S.W), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W).

Ndugu zangu katika imani, mimi ni mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu. Siku moja niliingiwa na ujumbe kutoka namba nisiyoijua: mzazi wa mwanafunzi wangu ana deni, amekimbia, nimwambie alipe. Sikumdhamini wala sikujua kuwa amekopa. Kumbe ujumbe ule ule ulimfikia hata mkwewe! Programu ya mkopo ilimuomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo katika simu yake, naye akabonyeza "kubali".

Hapa kuna makosa mawili. La kwanza ni la mkopeshaji. Anakula riba, kisha anamfedhehesha mdaiwa, ilhali Surat Al-Baqara aya ya 280 inatuamrisha kumsubiri mdaiwa mwenye dhiki mpaka apate wepesi.

La pili ni letu sisi tunaobonyeza. Surat An-Nur aya ya 27 inatukataza kuingia nyumba zisizo zetu bila ya idhini na salamu. Tena katika hadithi ya Sahl bin Saad, iliyomo katika Bukhari na Muslim, mtu alichungulia tunduni chumbani kwa Mtume (S.A.W), akakemewa vikali na kuelezwa kuwa idhini imewekwa kwa ajili ya jicho. Mguu wake haukuingia, lakini jicho lilikwisha kuingia.

Simu zetu leo ni nyumba, na ndani yake mna siri za wenzetu pia. Aliyekupa namba yake alikupa wewe. Ukimfungulia mgeni orodha nzima, umefungua milango ya watu bila idhini yao.

Atasema msemaji: namba ya simu si siri, mbona watu wanaibandika dukani? Jibu ni kwamba mwenye duka ameibandika mwenyewe. Abu Daud amepokea kuwa mtu akizungumza nawe huku akigeuka kutazama nyuma, maneno yake ni amana. Hajasema "nitunzie", lakini kugeuka kwake kumetosha.

Sheria ya nchi nayo ipo. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inalinda faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na iko Tume ya kupokea malalamiko. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Basi aliyedhalilishwa asinyamaze.

Tufanye nini? Kwanza, tufungue mipangilio ya simu zetu tuondoe ruhusa zisizo za lazima. Pili, ukipokea ujumbe wa kumuaibisha ndugu yako, ufute, usiupeleke kwa mwingine. Tatu, misikiti yetu iwakumbuke wadaiwa, kwani Surat At-Tawba aya ya 60 imewataja miongoni mwa wanaostahiki zaka. Tukiwasaidia kwa siri, nani atakwenda kuuza siri zake na zetu kwa mla riba?

Mtume (S.A.W) ametufundisha kuwa anayemsitiri Muislamu, Allah atamsitiri duniani na akhera. Nani kati yetu hahitaji sitara hiyo?

Wabillahi tawfiq.