Muislamu, uliza kabla ya kumeza dawa mpya

 

Ndugu zangu Waislamu, iko alfajiri moja ambayo watu wa msikiti mdogo wa Kigonsera, wilayani Mbinga, hawataisahau. Ilikuwa mwezi wa Julai, na baridi ya Umatengo mwezi huo si ya mchezo. Watu waliamka kama kawaida wakasubiri adhana, na adhana haikusikika. Muadhini wao ni mzee aliyevuka miaka sabini, na alfajiri haimpiti labda awe safarini. Vijana wawili wakaenda kumgongea. Walimkuta kitandani, amelowa jasho katika baridi ile, anakoroma, na akiitwa haitiki.

Nilikuwa pale kwa darsa la siku tatu na wanafunzi wetu wa sekondari, kwa hiyo ninayoyasema sikusimuliwa. Neno la kwanza lililotamkwa chumbani mle lilikuwa "jini". La pili, "karogwa". Tukaanza kusoma. Tulisoma Ayatul Kursiy, tukasoma Falaq na Naas, yakaletwa maji ya kusomea. Nasema tulisoma kwa sababu na mimi nilikuwemo, na ndiye niliyeongoza. Ikapita karibu saa nzima, mpaka mjukuu wake, binti wa darasa la saba, alipoingia akauliza: "Jana usiku Babu alikula?" Hakuna aliyejua. Binti akainama chini ya kitanda, akatoa kopo, na ndani ya kopo mlikuwa na pakiti mbili za vidonge, moja kuukuu na moja mpya.

Ile kuukuu ilikuwa glibenklamaidi, dawa ya kisukari anayoitumia kwa miaka. Mpya ilikuwa Septrin, aliyoinunua dukani siku tatu kabla kwa sababu mkojo ulikuwa unamchoma. Jirani mmoja ambaye ni muuguzi aliitwa, akampima kwa kumchoma kidole, akasema sukari imeshuka mno na gari itafutwe sasa hivi. Akatuzuia tusimtilie uji mdomoni, maana mtu asiye na fahamu hupaliwa. Hospitali alitundikiwa dripu ya glukosi, na adhuhuri ilipoingia alikuwa anauliza nani aliyeadhini badala yake. Lakini hawakumruhusu siku ile, kwani sukari iliyoshushwa na dawa hii inaweza kupanda kwa dripu kisha ikaanguka tena.

Ndugu msomaji, kwa saa nzima sukari ya mzee yule ilikuwa inaanguka, na sisi tunamtafuta jini.

Sisemi kwamba ruqya haina nafasi. Ina nafasi yake katika Sunna, na atakayeipinga atakuwa anabishana na Mtume (s.a.w.). Lakini Mtume huyo huyo aliwaambia waja wa Allah wajitibu, katika hadithi ya Usama bin Sharik iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi. Kusoma Qur'an na kumwita muuguzi havigombani. Tungeweza kufanya yote mawili tangu dakika ya kwanza, na hatukufanya.

Sasa tuiangalie ile kopo. Kila dawa iliyokuwemo ni halali na nzuri, na imeponya watu wengi. Madhara yalikuja zilipokutana. Glibenklamaidi hulisukuma kongosho litoe insulini, kisha ini huivunja dawa hiyo taratibu mpaka iishe nguvu. Septrin huliziba ini lisiivunje kwa kasi yake ya kawaida, na yenyewe, kwa kuwa ina salfa, inaweza kuishusha sukari. Ongeza uzee na figo zilizochoka. Kisha ongeza kwamba mzee alikuwa na homa, na usiku ule hakula ila tonge mbili. Kidonge kile kile alichokizoea miaka yote kikawa kama amemeza viwili au vitatu.

Muuzaji hakumuuliza kama ana dawa nyingine anayotumia, na mzee naye hakusema.

Jambo hili si geni katika dini yetu. Abu Daud amepokea kutoka kwa Jabir (r.a.) habari ya watu waliokuwa safarini, mmoja wao akapigwa na jiwe akapasuka kichwa. Usiku akaota, akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama anayo ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hawaoni ruhusa hiyo, maana maji anayaweza. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alighadhibika, akasema kuwa wamemuua, akawalaumu kwa nini hawakuuliza ilhali hawajui, na akabainisha kwamba tiba ya kutojua ni kuuliza.

Izingatieni vizuri hadithi hii. Waliomjibu walikuwa maswahaba, watu wema waliokusudia kulinda sala yake. Maji ni neema na ni tohara. Huenda jeraha lile peke yake lisingemuua, na maji peke yake yasingemuua. Na kosa alilolitaja Mtume (s.a.w.) halikuwa ukosefu wa elimu, maana hakuna anayejua kila kitu. Kosa lilikuwa kunyamaza pale palipohitaji kuuliza. Qur'an nayo inatuelekeza tuwaulize wenye ujuzi ikiwa hatujui (16:43), na inatukataza kujitia wenyewe katika maangamizi (2:195).

Hebu tujiulize, kwa nini mzee hakusema? Nilimuuliza mwenyewe. Alinijibu: "Mwalimu, nilikwenda kwa ajili ya mkojo, sukari inahusu nini?" Hili ndilo jibu la wengi wetu. Tunaugawa mwili mafungu mafungu, tunadhani dawa ya tumbo inakwenda tumboni na dawa ya kichwa inakwenda kichwani. Damu ni moja, ndugu zangu, na ini ni moja.

Kuna na sababu nyingine, nayo ni aibu. Hapa nitasema wazi, mnisamehe.

Mwanamume mwenye maradhi ya moyo anatumia vidonge vya naitreti vya kutuliza maumivu ya kifua. Kaoa mke mdogo. Anakwenda duka la mtaa wa mbali, asikojulikana, ananunua Viagra au dawa ya jamii hiyo, na nyumbani hasemi. Dawa hizi mbili zote hutanua mishipa ya damu; zikikutana, presha inaweza kuporomoka ghafla kiasi cha kuua. Wala asijidanganye anayesema yeye hutumia unga wa miti shamba tu. Mamlaka za dawa katika nchi mbalimbali zimekwisha kukamata "miti shamba" ya nguvu za kiume iliyotiwa kwa siri dawa ile ile ya Viagra.

Mwanamke anatumia vidonge vya uzazi wa mpango, mume hajui. Anapatikana na kifua kikuu, anaanzishiwa rifampisini mbele ya mume, hivyo ya vidonge vyake anayameza moyoni. Rifampisini huliamsha ini livunje dawa nyingine kwa kasi kubwa, vidonge vya uzazi vikiwemo, na anashangaa kujikuta mjamzito katikati ya matibabu. Rifampisini hiyo hiyo huipunguza nguvu dolutegravia, iliyomo katika dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Daktari akijua, humwongezea dozi, na mambo yakaenda salama. Akifichwa, virusi vinapata mwanya. Na mama mjamzito anayeishi na virusi, ambaye kila siku anameza Septrin ya kinga, hapaswi kupewa SP ya malaria kliniki, kwani zote mbili zina salfa na madhara huweza kuwa makali. Mhudumu atamwepusha vipi ikiwa kaenda kliniki ya mtaa mwingine na kadi mpya ili asijulikane?

Aliyepewa siri ya mgonjwa amepewa amana, na kuivujisha ni khiyana. Wahudumu wa afya wanaotangaza siri za watu baraza kwa baraza wana sehemu yao katika vifo hivi. Lakini khiyana ya mmoja haikuhalalishii kuiangamiza nafsi yako. Omba kuongea naye faragha, au mwandikie kwenye karatasi.

Nigeukie maduka. Huenda wasomaji wa Dar es Salaam hawajui kwamba Maduka ya Dawa Muhimu, ambayo leo yameenea nchini, yalianzia mkoani Ruvuma mwaka 2003. Kabla ya hapo vijijini palikuwa na maduka ya dawa baridi, ambayo kisheria hayakuruhusiwa kuuza dawa za cheti, na wengi wao waliziuza chini ya meza bila mafunzo. Iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA), ambayo tangu 2019 ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), iliona heri watu hawa wafundishwe, wasajiliwe, wakaguliwe, na waruhusiwe kuuza baadhi ya dawa muhimu, zikiwemo antibaotiki kadhaa. Kwa mtu wa Kigonsera, au wa Liuli na Mbamba Bay kule ziwani, ilikuwa faraja kubwa.

Lakini mafunzo ya muuzaji yanasaidia nini ikiwa mteja anaingia, anataja jina la dawa, anaweka pesa, anaondoka? Mtume (s.a.w.) amesema, katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Nasai, kwamba anayetibu watu ilhali hajulikani kwa ujuzi wa tiba atabeba dhamana ya madhara. Mafaqihi wamejenga juu ya hadithi hii hukumu za fidia. Muuzaji wa dawa Muislamu aitundike hadithi hiyo mahali anapoiona kila siku, na swali lake la kwanza kabla ya bei liwe: "Unatumia dawa gani nyingine?"

Na hili linawahusu pia ndugu zetu wanaouza dawa za Sunna nje ya misikiti siku ya Ijumaa. Habat soda imesifiwa na Mtume (s.a.w.) katika hadithi sahihi, na asali imetajwa katika Qur'an (16:69). Hatuna shaka. Lakini ipo tofauti kati ya kuiamini hadithi na kumwambia mgonjwa wa kisukari, "Tupa vidonge vya hospitali." Tafiti zimeonyesha kuwa habat soda inaweza kushusha sukari, basi ikiongezwa juu ya vidonge, sukari ipimwe mara kwa mara. Hijama ni Sunna, lakini aliyewekewa valvu ya moyo na anatumia wafarini ili damu isigande, akichanjwa, damu inaweza isikatike. Mpiga hijama mcha Mungu anauliza kabla hajashika wembe.

Mgonjwa wa wafarini, kwa hakika, ndiye ninayemhofia kuliko wote. Tumbo likimsumbua huyo, akanunua Flagyl kama wanavyofanya watu wote mjini, ini linachelewa kuivunja wafarini na damu inazidi kuwa nyepesi. Anaweza kuvuja damu tumboni au ndani ya kichwa. Aspirini na diklofenaki za maumivu nazo ni hatari kwake. Huyu asimeze hata kidonge cha mafua bila kuwauliza wanaompima damu.

Ramadhani ina mitihani yake. Wapo wanaokusanya vidonge vya mchana kutwa wakavimeza vyote kwa pamoja wakati wa kufuturu. Wapo wanaomeza sipro kwa glasi ya maziwa wakati wa daku, na hawajui kwamba madini ya maziwa huikamata dawa hiyo tumboni ikapita bila kufanya kazi. Mgonjwa aende kwa daktari tangu Shaaban, apangiwe saa, na akiambiwa asifunge, asifunge. Ruhusa hiyo kaitoa Allah Mwenyewe (2:185).

Tatizo kubwa la watu wa upande ule, na nadhani hata wa mjini, ni kwamba mgonjwa mmoja anatibiwa mahali patatu. Presha anachukulia dawa Peramiho, akizidiwa anakimbizwa Mbinga, na mafua ananunua dukani. Kila mahali ana kadi au daftari lake, na hakuna anayeziona dawa zote kwa pamoja isipokuwa mgonjwa mwenyewe. Basi azibebe. Dawa zote, za hospitali, za dukani, za mizizi, za kuazima kwa jirani, ziingie ndani ya kapu moja, na kapu lifike mezani kwa mhudumu. Na aangalie jina lililoandikwa kwa herufi ndogo, si lile kubwa la kampuni, maana pakiti mbili zenye majina makubwa tofauti huweza kuwa dawa ile ile.

Nilipita tena Kigonsera baada ya miezi kadhaa. Adhana ya adhuhuri niliisikia nikiwa bado barabarani. Baada ya sala mzee alinikaribisha kwake, akanitolea daftari la shule lenye jalada la bluu. Mjukuu wake ameziandika humo dawa zote, moja moja, kwa mwandiko wa mviringo: jina, asubuhi au jioni, kabla au baada ya kula. Septrin imeandikwa kwa wino mwekundu, na mbele yake "Babu asipewe". Mstari wa mwisho ulisomeka: habat soda, kijiko kimoja asubuhi, daktari ameambiwa.